Upande Usio na Mwenyewe

Jioni ile nilitoka kwenda kununua balbu. Sikuwa na shida nyingine. Balbu ya taa ya mezani ilikuwa imeungua nikiwa katikati ya kazi, na mimi kazi ikinikatikia hivyo hata chakula hakipiti.

Ninaposema kazi, simaanishi ile inayonilisha. Inayonilisha ni stoo ya vipuri vya magari, ambako nashinda nikipanga boliti na kugombana na mafundi. Kazi ninayoisema hapa ni ya sarafu. Nakusanya sarafu kuukuu, nazipiga picha moja moja, nazitazama, basi. Siuzi wala sishindani na mtu. Wenzangu hufuga njiwa.

Mke wangu alikuwa akinicheka. "Mzee wa Chenji," ndivyo alivyoniita, ameegemea mlango. "Mzee wa Chenji, chakula kinapoa." Hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Yeye alipozikwa, jina hilo nalo lilizikwa.

Alifariki mvua zilipoanza. Sikulia. Msibani dada yangu alinishika bega akaninong'oneza, "Kaka, lia hata kidogo, watu wanakuangalia." Nilijaribu. Nilikunja uso kama mtu anayetafuta chafya, ikagoma. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe hauna habari.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba uso wake ulianza kunitoka. Mke wangu hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera tu, anageuza kichwa. Picha zake zote nilizonazo ni za ubavuni: sikio, shavu moja, na doa jeusi dogo chini ya sikio. Uso wenyewe, ule aliokuwa akinitazama nao mezani, nilikuwa nao kichwani tu. Na kichwani ulikuwa unafutika. Kila nilipoamka asubuhi niliukuta umepungua. Hilo ndilo jambo pekee lililokuwa likinitia hofu, na hata hofu yenyewe niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Basi nikafika dukani. Giza lilikuwa linaingia. Mwenye duka, mama mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa amepanda kwenye stuli akinitafutia balbu kwenye rafu ya juu, huku akiisema serikali na bei ya waya.

Nikasikia harufu.

Harufu ya chuma kilichofungiwa kwenye kitambaa kibichi.

Nikageuka. Pembeni yangu alikuwa amesimama mwanamume mmoja, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakunitazama. Alikuwa ameelekea barabarani, mimi nikamwona ubavu.

"Chukua ya njano," akasema kwa sauti ya chini. "Nyeupe inaua rangi ya shaba."

Nikashtuka. Hilo si jambo la kila mtu kulijua.

"Na wewe unakusanya?"

"Nilikuwa nakusanya."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa sarafu. Na hapa niseme kwa nini nilimwamini, maana dada yangu akijua atanitukana. Aliishika kwa ukingo. Mtu wa kawaida huishika sarafu kwa tumbo lake, anaipaka jasho, na jasho hilo linaila polepole mpaka inaharibika. Sisi wa sarafu tunashika ukingo tu, kwa kidole gumba na cha shahada, hata usingizini. Mimi sikumtazama mtu. Nilitazama mkono.

Sarafu ilikuwa imelika pande zote mbili, laini kama sabuni iliyobaki bafuni. Upande mmoja ulikuwa na mkwaruzo mfupi.

"Ipige picha," akasema. "Upande huu wenye mkwaruzo. Laza taa chini kabisa."

"Najua kulaza taa, ndugu yangu."

"Najua unajua. Usiigeuze."

"Kwa nini?"

Nilisikia pumzi yake. Ilikuwa inatoka tu. Sikuisikia ikiingia.

"Upande wa pili bado hauna mwenyewe."

"Baba, shika balbu yako!" mama wa duka akaniita. Nikageuka nikaipokea, nikalipa. Niliporudisha uso, pembeni yangu hapakuwa na mtu. Sarafu ilikuwa mkononi mwangu, nimeishika kwa ukingo.

Sikumbuki kuipokea...

Nyumbani nilimkuta binti yangu jikoni. Ndiye mtoto wetu pekee. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Hutoka kabla ya jua, hurudi alasiri na unga kwenye nyusi. Mikate anaijua. Mchuzi haujui hata kidogo. Tangu mama yake aondoke tulikuwa tunakula chakula kisicho na chumvi, na ukilalamika anakujibu, "Presha hiyo, baba. Nakulinda." Ni mtu wa kelele. Akipika, sufuria zinagongana kama zina ugomvi, na yeye anaongea kuzishinda, anajibizana hata na maji yakichelewa kuchemka.

"Umechelewa! Ulikwenda kuitengeneza hiyo balbu?"

"Mama wa duka na maneno yake."

"Na hiyo harufu? Unanuka kama bomba la maji."

"Sarafu."

"Mwisho utaoa sarafu, wewe."

Kijiko kikabaki hewani. "Samahani, baba."

"Hakuna neno, mwanangu."

Na kweli hapakuwa na neno. Ningetaka liwepo. Kila usiku nilimsikia akilia chumbani kwake, amebana mdomo kwenye mto asije akaniamsha, na mimi nimekaa kitandani najiambia: inuka, nenda, huyo ndiye uliyebaki naye. Siinuki. Naijua njia ya kwenda mlangoni kwake, ni hatua chache tu, lakini ilikuwa kama naombwa nivuke mto. Nilikuwa nampenda. Nilijua nampenda, kama mtu anavyojua jina la mji aliozaliwa. Kuhisi ndiko kulikonishinda.

"Nusu saa, tule," akasema.

Nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango.

Ni chumba kidogo, mke wangu alikuwa akipigia pasi humo, na meza yake ndiyo niliyoirithi. Dirisha nimelifunika blanketi. Balbu ya dari niliitoa zamani kwa sababu mwanga wake unaingilia kazi. Kamera nimeifunga kwenye mkono wa ubao, inatazama chini, na chini yake nimetandika kitambaa cheusi. Pembeni iko taa moja ninayoweza kuiinua au kuilaza. Siri yote iko kwenye kulaza. Ukimulika sarafu iliyolika kutoka juu, unaiona tupu. Ukiilaza taa imulike ubavuni, kila kilichoinuka hata kwa unene wa unywele kinatupa kivuli. Niliwahi kutoa meli nzima, na matanga yake, kwenye sarafu ambayo watu waliniambia niitupe.

Nikafunga balbu mpya. Nikavaa glavu za pamba. Nikaweka sarafu, mkwaruzo juu. Nikalaza taa.

Klik.

Picha ikatokea kwenye kompyuta. Tupu. Nikashusha taa zaidi.

Klik.

Mstari mwembamba, uliopinda. Nikaukuza nikautazama. Lilikuwa sikio.

Chini ya sikio palikuwa na doa.

Najua nilipaswa kupiga kelele. Mwenye akili zake angetoka mbio na kuacha hata viatu. Mimi nilikaa. Nilitazama sikio la mke wangu kwenye sarafu ya mtu nisiyemjua, nikawaza kwamba taa ikisogea kushoto kidogo kivuli kitakaa vizuri zaidi. Nikaisogeza.

Klik. Shavu, pua, nywele zilizofungwa nyuma. Ubavu wake, kama kwenye picha zake zote.

Klik.

Pua ilikuwa imesogea.

Nikaziweka picha mbili pamoja. Taa nilikuwa nimeigusa, sarafu sikuigusa. Lakini kwenye picha ya nyuma kulikuwa na jicho moja, na kwenye hii ilianza kuonekana kope ya jicho la pili.

Alikuwa anageuka.

Vichwa vya sarafu havigeuki. Nina wafalme, nina malkia, nina majenerali waliojipa vyeo wenyewe, na wote wanatazama pembeni tangu walipochongwa. Huyu aligeuka. Kila nikipiga, kidogo zaidi. Vidole vyangu vikaanza kufa ganzi, kwanza ncha, kisha viungo. Nikafikiri ni kukaa sana. Ile harufu ya chuma kibichi ikajaa chumba mpaka nikaisikia kwenye ulimi.

Klik.

Akanitazama.

Uso wote. Ule wa mezani, na macho yake mawili, moja dogo kidogo kuliko jingine, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Hakuna kilichopungua. Nikasubiri machozi. Nikasema moyoni, sasa yatakuja. Nilikaa mbele ya uso wa mke wangu, mkavu kama ubao, nikasikia aibu tu, na aibu hiyo nayo ikapita.

Midomo yake ilikuwa wazi kidogo. Kama mtu anayetaka kukukataza jambo.

Sikumwelewa. Mkono wangu ukafanya kile ambacho umezoea kufanya. Mtu wa sarafu hapigi upande mmoja akaacha wa pili. Picha ya upande mmoja kwetu ni kama shati la mkono mmoja. Unapiga kichwa, unageuza, unapiga mgongo. Mkono hauulizi, kama usivyouliza unapovuta mlango ukitoka. Nikaishika kwa ukingo, nikaigeuza, nikabonyeza.

Klik.

Ndipo nikakumbuka.

Nikaitazama picha. Tupu. Laini, haina kitu. Nikashusha pumzi. Nikajicheka kidogo, mtu mzima mimi, natishwa na mgeni wa dukani.

Kisha nikasikia kimya.

Jikoni hapakuwa na sauti. Sufuria hazigongani, mtu haongei. Binti yangu tangu azaliwe hajawahi kunyamaza kiasi kile.

"Mwanangu?"

Kimya.

Nikatoka. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Maji yalikuwa yanachemka kwenye jiko la umeme, kifuniko kinacheza. Yeye alikuwa amesimama mbele ya jiko, kijiko mkononi. Nikamwona ubavu.

"Mbona hunijibu?"

Hakugeuka. Nikamzunguka nimwone usoni. Nikapita nyuma yake, nikatokea upande wa pili.

Ubavu.

Nikarudi. Ubavu uleule. Sikio lilelile, shavu lilelile, jicho moja linatazama mbele, halipepesi. Kila nilipokwenda alikuwa ameelekea pembeni, wala miguu yake haikusogea. Nikamgusa shavu. Lilikuwa la baridi, na gumu. Harufu ya unga wa mikate, ambayo hata kulala analala nayo, haikuwepo.

Alikuwa akivuta pumzi. Ikakaa kifuani muda mrefu... mrefu... ndipo ikatoka.

Nikarudi chumbani nikikimbia. Kwenye kompyuta picha ilikuwa ileile niliyoiacha, lakini haikuwa tupu tena. Ubavu wa msichana ulikuwa umeanza kuinuka kutoka kwenye shaba. Kwenye nyusi palikuwa na vitone vidogo. Unga.

Nyuma yangu, dirishani, blanketi likasogea.

"Uliigeuza," sauti ikanong'ona.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Sauti ilikuwa baina ya kioo na blanketi, mahali ambapo hata paka hatoshi.

"Mtoe," nikasema.

"Simtoi mimi. Utamtoa wewe. Una msasa?"

Msasa ninao. Kila mtu wa stoo anao. Lakini kwa mtu wa sarafu kuigusa sarafu kwa msasa ni kama kumchuna mtu ngozi. Hatusugui hata kwa maji.

"Futa upande wake," akanong'ona. "Unaoufuta, mwenyewe anatoka. Unaobaki, mwenyewe anabaki. Ukifuta zote mbili, hutabaki na mtu."

Nikaelewa. Upande wa mkwaruzo, mke wangu. Upande mtupu, binti yangu. Nilipaswa kufuta ule mtupu. Jambo la mtoto mdogo.

"Na wewe ni nani?"

Blanketi likasogea tena.

"Mimi nilikosea upande."

Nikavua glavu, nikafungua droo, nikatoa msasa. Nikaichukua sarafu kutoka kwenye kitambaa. Vidole vilikuwa vimekufa kabisa. Niliviona vinashika, sikuvisikia. Kiwiko kikaigonga taa. Ikaanguka, balbu ikapasuka, cheche ikaruka ukutani, na nyumba nzima ikazima.

Sarafu ikanitoka.

Niliisikia ikigonga sakafu. Ting. Ikaviringika. Ikazunguka palepale, inayumba, haraka, haraka zaidi... ikalala.

Jikoni kifuniko cha sufuria kiliacha kucheza. Katika giza nikaisikia pumzi ya binti yangu ikiingia. Nikasubiri itoke.

Haikutoka.

Nikapiga magoti. Nikapapasa sakafu kwa viganja, kwa mikono, mwisho kwa shavu. Shavu ndilo lililoipata, kwa baridi yake. Nikaiokota. Sasa nitafute mkwaruzo. Nikapitisha kidole juu. Sikusikia kitu. Nikageuza, nikapitisha kidole. Sikusikia kitu. Nikaitia mdomoni niupapase kwa ulimi, na ulimi nao ulikuwa umeshakufa, ladha ya chuma tu. Simu ilikuwa sebuleni, lakini wakati ule sikukumbuka hata kama duniani kuna simu.

Pumzi bado haikutoka.

"Mwanangu!" nikaita. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, nikasikia kitu kifuani. Kidogo sana, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Niliogopa. Niliogopa kweli.

Nikaigeuza sarafu mara moja. Nikaigeuza tena. Nikachagua.

Nikasugua. Nilisugua kwa nguvu zote, msasa unalia kwenye shaba, vumbi lake linaniingia puani. Sijui kwa muda gani. Nilisugua mpaka jikoni kijiko kikaanguka.

Kisha pumzi. Ndefu. Ikatoka.

Kisha miguu, polepole, inakuja kwenye korido. Mwanga wa simu ukatokea mlangoni, na nyuma ya mwanga uso. Uso wote, unanitazama. Uso wa binti yangu, na unga kwenye nyusi.

"Umeme umekatika?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mbona uko chini?"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Alikuwa wa moto. Nikasubiri furaha ije. Kile kilichokuwa kikigonga kifuani kilikuwa kimeshaondoka.

Ile sarafu niliifunga kwenye kitambaa gizani, upande niliousugua ukiwa juu, nikaifungia kwenye droo. Kesho yake nilifungua kompyuta. Picha zote zilikuwepo, na zote zilikuwa za kitambaa cheusi kitupu kilichomulikwa ubavuni. Uso wa mke wangu haukuwemo. Kichwani mwangu nao ulikuwa umebaki ubavu tu.

Nilikwenda kununua balbu nyingine. Mama wa duka akaniuliza, "Yule ndugu yako hajambo?"

"Ndugu gani?"

"Uliyekuja naye siku ile. Mnafanana sana. Ila sikumwona vizuri, kila nikimtazama naona ubavu."

Nikalipa, nikaondoka. Balbu bado iko kwenye boksi lake.

Maisha yameendelea. Binti yangu anakwenda tanurini, anarudi. Amekuwa mpole. Sufuria hazigongani tena, na usiku simsikii akilia. Wenzake wanasema siku ya kwanza kurudi kazini alisahau kutia chachu, akawa anautazama unga kama mgeni. Dada yangu alipokuja kututembelea alimwangalia kwa muda, akanivuta pembeni. "Huyu mtoto anazidi kufanana na marehemu. Hata kusimama kwake."

"Ni damu," nikamjibu.

"Ni damu," akakubali. "Msiba nao unakomaza. Hebu tupige picha, shangazi na mtoto."

Nikachukua kamera. Nilipobonyeza, binti yangu akageuza kichwa.

Mtoto hufuata nyayo za mama yake, watu husema. Nami nasema hivyohivyo, kila siku, nikinyoa ndevu. Kujua ni rahisi. Sina haja ya taa wala kamera. Upande wa juu nimeusugua mwenyewe. Ni kuigeuza tu nitazame ule wa chini. Ukiwa na mkwaruzo, aliyebaki humo ni mke wangu, na mtoto wangu ninaye hapa nyumbani. Ukiwa hauna...

Jana jioni nilifungua droo. Nilikunjua kitambaa. Nikaishika sarafu kwa ukingo, kwa kidole gumba na cha shahada, na nikaona vidole vyangu vinasikia. Niliusikia ubaridi wake. Nikaanza kuigeuza.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Mtu akauegemea.

"Mzee wa Chenji," akasema, "chakula kinapoa."

Sikugeuka. Watoto husikia kila kitu, nikajiambia. Amekua akilisikia jina hilo ndani ya nyumba hii, kwa nini asilijue? Nikakaa hivyo, sarafu imesimama kwa ukingo wake baina ya vidole vyangu, haijalala huku wala kule.

Kisha nikailaza kama ilivyokuwa. Nikaifunika. Nikafunga droo.

Nikaenda mezani. Akanipakulia, akakaa mbele yangu akanitazama kwa macho yake mawili. Nikatia tonge mdomoni.

Chumvi ilikuwa imekolea vizuri kabisa.

Machozi yakanitoka. Yote, ya tangu mvua, yakaanguka kwenye sahani, na sikujua ninamlilia nani kati yao. Alinifuta kwa kiganja chake, kilikuwa na joto.

Nilipomaliza, nikamsogezea sahani, nikaomba aniongeze.